Alipigwa au Walipigana? Lugha ya Nidhamu na Ushughulikiaji wa Uonevu baina ya Wanafunzi katika Shule za Bweni nchini Kenya

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna shule za upili za bweni nchini Kenya zinavyoshughulikia uonevu na ukatili baina ya wanafunzi. Yanafanya hivyo kwa kuangalia jambo ambalo mijadala ya elimu imelipa nafasi finyu, nalo ni maneno yanayotumiwa kulitaja tukio tangu linapotokea bwenini hadi linapofika mbele ya Bodi ya Usimamizi ya shule. Hoja inayotetewa ni kwamba hatua inayochukuliwa baada ya tukio, iwe ni adhabu, ushauri nasaha au ukimya, huwa imekwisha kuamuliwa kwa kiasi kikubwa na jina ambalo tukio lilipewa siku ya kwanza. Mwanafunzi aliyeonewa akiandikwa kuwa "alipigana", hurudishwa nyumbani pamoja na aliyempiga. Akiandikwa kuwa "alitaniwa", haandikwi tena mahali pengine.

Uonevu unaozungumziwa hapa ni ule ulioelezwa na Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyefanya kazi yake nchini Norwei kuanzia miaka ya 1970 na ambaye fasili yake ndiyo msingi wa tafiti nyingi za baadaye. Kwa mujibu wa fasili hiyo, tendo huitwa uonevu likiwa limekusudiwa kudhuru, likiwa linarudiwarudiwa, na likiwa linafanywa na mwenye nguvu zaidi dhidi ya asiyeweza kujitetea kwa urahisi. Sifa hiyo ya tatu ndiyo inayotenga uonevu na ugomvi. Wanafunzi wawili wenye nguvu sawa wanaorushiana ngumi kwa sababu ya kiti cha maktaba wanagombana. Hata wakiumizana vibaya, hakuna aliyeonewa.

2.0 Kiswahili kinavyolitaja jambo

Kitenzi onea kimeundwa kutokana na ona kwa kuongezewa kiambishi cha kauli ya kutendea. Katika matumizi ya kawaida kitenzi hiki huandamana na nomino: mtu humwonea mwenzake huruma, wivu, fahari au haya. Nomino ikiondolewa, maana hugeuka. "Ananionea" haina tafsiri nyingine ila kwamba mzungumzaji anadhulumiwa na mtu aliye juu yake kwa umri, cheo, mali au misuli. Kwa maneno mengine, kukosekana kwa usawa wa nguvu, ambako wanasaikolojia wamelazimika kukuongeza katika fasili zao kama kigezo, katika Kiswahili kumo ndani ya kitenzi chenyewe.

Ushahidi mzuri zaidi wa jambo hili unapatikana katika kauli ya kutendana. Watu hupigana, hugombana, hutukanana na hutaniana. Wanaweza pia kuoneana huruma au kuoneana wivu. Lakini sentensi "wanafunzi wale wanaoneana", kwa maana ya kwamba kila mmoja anamdhulumu mwenzake, haikubaliki kwa urahisi sikioni mwa mzungumzaji. Dhuluma ya aina hii huelekea upande mmoja, na sarufi inalitambua hilo. Ni kweli kwamba umbo kunyanyasana limeenea katika hotuba na mabango ya shule, hasa katika amri ya jumla ya "acheni kunyanyasana". Hata hivyo, umbo hilo hutumiwa na anayeusemesha umati. Mtoto anayesimulia yaliyompata mwenyewe hasemi kwamba yeye na kiranja wamenyanyasana.

Kiambishi -an- kinapoingia katika taarifa ya tukio, basi, huwa kimefanya kazi ambayo kamati ya nidhamu ilipaswa kuifanya. Kimewagawia wahusika wote wawili hatia kabla ya yeyote kuhojiwa. Kuna muundo mwingine unaokwenda mbali zaidi, ule wenye kiambishi ku- cha mahali: "kulitokea vurugu bwenini", "kulikuwa na kutoelewana". Hapa hakuna mtenda wala mtendwa. Vurugu imetokea kama mvua inavyonyesha.

3.0 Kutoka Tigania hadi Kikuyu

Kwamba suala hili si la kisarufi tu kunathibitishwa na historia ya shule za Kenya katika muda wa zaidi ya miongo mitatu. Usiku wa Julai 13, 1991, wavulana wa Shule ya Upili ya St. Kizito, shule ya mseto ya bweni huko Tigania, Meru, walivamia bweni la wasichana waliokuwa wamekataa kujiunga na mgomo wao. Wasichana 19 walifariki na wengine zaidi ya 70 wakabakwa. Maelezo yaliyotolewa na uongozi wa shule na kuripotiwa kimataifa yalieleza kwamba wavulana hawakuwa na nia ya kuwadhuru wasichana, bali walitaka kuwabaka tu. Neno "tu" katika maelezo hayo ndilo lililowashtua wasomaji wa magazeti kote ulimwenguni, nalo lastahili kutazamwa kwa makini. Linaonyesha kwamba ndani ya shule kulikuwa na ngazi ya matendo ambayo hayakuhesabiwa kuwa madhara kwa sababu yalikuwa yamezoeleka.

Mwezi Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, viranja wanne walifungiwa ndani ya chumba chao wakiwa wamelala, wakamwagiwa petroli na kuchomwa na wanafunzi wenzao. Wote wanne walifariki. Mwezi Machi 2001 moto uliowashwa na wanafunzi katika Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, uliwaua wavulana 67.

Serikali ilijibu mikasa ya kipindi hicho kwa kuunda tume na majopokazi. Kamati ya mwaka 1991 iliyoongozwa na Lawrence Sagini ilipewa jukumu la kuchunguza migomo na utovu wa nidhamu katika shule za upili. Jopokazi lililoongozwa na Naomy Wangai, ambalo ripoti yake ilitoka mwaka 2001, lilihusu nidhamu na machafuko ya wanafunzi. Ripoti hizi zina mengi ya manufaa kuhusu msongamano wa mabweni, mitihani, chakula na ushauri nasaha. Lakini majina yake yenyewe yanaonyesha tukio lilivyotazamwa: ni wanafunzi dhidi ya shule. Nidhamu ni uhusiano wa mwanafunzi na mamlaka. Wasichana wa St. Kizito hawakuwa sehemu ya uhusiano huo, wala hawakuwa wamevunja kanuni yoyote. Wao walidhuriwa na wenzao, na istilahi ya "utovu wa nidhamu" haina mahali pa kumweka aliyedhuriwa.

Mkasa wa Nyeri ni mgumu zaidi kuufafanua, na pengine ndiyo sababu haujadiliwi inavyostahili. Waliouawa walikuwa viranja. Hakuna hoja inayoweza kuupunguzia ukatili huo uzito wake. Hata hivyo, mtafiti hana budi kuuliza cheo cha kiranja kilikuwa kimewekwa wapi, hata chumba cha viranja kikawa ndipo mahali palipolengwa.

Cheo hicho kina asili inayojulikana. Mfumo wa kuwapa wanafunzi wakubwa mamlaka juu ya wadogo uliimarishwa nchini Uingereza na Thomas Arnold, aliyekuwa mwalimu mkuu wa Rugby kuanzia 1828 hadi 1842, ukaenea katika shule za bweni za tabaka la juu pamoja na desturi ya wadogo kuwatumikia wakubwa kwa kuwafulia, kuwapikia na kutumwa. Wamisionari na maafisa wa kikoloni walikuja nao Afrika Mashariki. Kwa shule yenye walimu wachache na mamia ya watoto wanaolala hapohapo, mfumo huu ulikuwa na faida iliyo wazi, nayo ni kwamba usiku mtu mzima aliweza kwenda kulala.

Kilichosalia hadi leo ni zile saa za katikati. Baada ya masomo ya jioni na kabla ya taa kuzimwa, na tena alfajiri kabla ya mwalimu wa zamu kufika, bweni huwa mikononi mwa wanafunzi wenyewe. Hizo ndizo saa ambazo mgeni wa kidato cha kwanza, anayeitwa mono katika shule za Kenya na njuka katika shule za Tanzania, hufunguliwa sanduku lake, huamriwa kufua nguo zisizo zake, kupiga deki zamu isiyo yake, kuimba juu ya kitanda au kutambaa chini yake. Methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone hutimia hapa kwa namna ambayo wahenga hawakuikusudia, kwa kuwa mkate, sukari na maziwa ya unga aliyofungiwa na mama yake huponya mabwenini wenyeji wengi. Anayesimamia saa hizo ni kiranja. Akiwa mwadilifu, mgeni hulala. Akiwa ndiye mwonevu, hakuna wa kumwendea.

Mwaka 2017 hali hii ilijitokeza hadharani pale taarifa za uonevu zilipotoka katika Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu, shule iliyoanzishwa mwaka 1926 na ambayo imetoa viongozi wengi wa nchi. Viranja walihusishwa moja kwa moja, Wizara ya Elimu ikachunguza, na mwalimu mkuu wa wakati huo akastaafu mapema. Katika mjadala uliofuata, baadhi ya wahitimu wa shule za bweni walijitokeza kutetea mambo hayo kuwa ni malezi yaliyowakomaza. Utetezi huo haukuhitaji kukanusha tendo lolote. Ulilibadilisha jina tu.

4.0 Safari ya lalamiko

Ili kueleza namna jina linavyobadilika, inafaa kulifuata lalamiko moja katika vituo vyake vya kawaida. Kinachoelezwa hapa ni mpangilio unaojulikana kwa yeyote aliyesoma au kufundisha katika shule ya aina hii.

Kituo cha kwanza ni wenzake. Mwanafunzi anayeonewa huwaeleza marafiki kwa Kiswahili, kwa Sheng au kwa lugha ya nyumbani. Hapa ndipo maelezo huwa kamili zaidi: nani, lini, mara ngapi, na kwa kisingizio gani. Hapa pia ndipo lalamiko hukutana na neno lenye nguvu kuliko adhabu yoyote ya shule, yaani mchongezi. Katika shule za Tanzania neno la mitaani ni mnoko. Jina hilo humfuata mtu hadi kidato cha nne. Ni vigumu kutaja kanuni ya shule inayotiiwa kwa uaminifu kama hii isiyoandikwa, na uaminifu huo si upumbavu, maana anayeripoti leo asubuhi atalala usiku wa leo katika bweni lilelile.

Kituo cha pili ni mwalimu wa zamu, au nesi wa zahanati ya shule ikiwa kuna jeraha. Nesi huuliza umeumiaje. Jibu la kawaida ni "nilianguka". Mwalimu naye huuliza swali ambalo laonekana kuwa la haki, "Nyinyi mlikuwa mkifanya nini?" Nafsi ya wingi imekwisha kuingia.

Kituo cha tatu ni ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, ambaye ndiye mwenye dhamana ya nidhamu. Hapa mwanafunzi hupewa karatasi aandike maelezo yake, na kwa kawaida huyaandika kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia na ya kumbukumbu za ofisi. Mtoto wa miaka 14 aliyepigwa usiku wa manane huketi kutafuta, katika lugha aliyoipata darasani, maneno ya jambo lililompata katika lugha nyingine. Matusi aliyotukanwa hayatafsiriki. Amri alizopewa, ambazo ukali wake ulikuwa katika uchache wa maneno, hugeuka kuwa ripoti ndefu isiyo na makali. Aliyemwonea, ambaye ni mkubwa kwa miaka mitatu na huenda anaongoza klabu ya mijadala, huandika maelezo yake kwa ufasaha katika karatasi ya pili. Karatasi hizo mbili hulinganishwa. Si ajabu basi kwamba iliyoandikwa vizuri huonekana kuwa ndiyo ya kweli.

Linalojitokeza katika kituo hiki lina kejeli yake. Katika shule nyingi, mwanafunzi anayesikika akisema lugha ya nyumbani hupewa adhabu, na wanaosikiliza na kuandika majina huwa ni viranja. Kwa hiyo lugha ambayo lalamiko lingetolewa kwa ukamilifu ndiyo ambayo mlalamikaji amezoea kuadhibiwa kwa kuitumia, na anayemwadhibu huenda ndiye anayemlalamikia.

Kituo cha nne ni mzazi, anayeitwa tukio likionekana kubwa. Cha tano ni Bodi ya Usimamizi, ambayo husikiliza kesi za kusimamishwa masomo kwa muda mrefu na kupendekeza hatua zaidi. Bodi husoma muhtasari uliotayarishwa na ofisi. Kufikia hapo, "ananionea" ya kituo cha kwanza imepita katika "mlikuwa mkifanya nini", ikapita katika karatasi mbili za Kiingereza, na imefika ikiwa ni kisa cha wanafunzi waliohusika katika vurugu. Wote wawili husimamishwa kwa majuma mawili. Shule huamini, na pengine kwa nia njema, kwamba imekuwa ya haki kwa kuwa haikumpendelea yeyote.

5.0 Sheria na fimbo

Sheria za Kenya hazina upungufu wa maneno. Adhabu ya viboko iliondolewa katika kanuni za shule mwaka 2001. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya aina zote za ukatili, bila kutaja ukatili huo umetoka kwa mtu mzima au kwa mtoto mwenzake. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza mwanafunzi kuteswa au kutendewa kinyama, kimwili au kisaikolojia, na anayekikiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili. Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12, maana yake ni kwamba karibu kila mwanafunzi wa shule ya upili yuko ndani ya mipaka ya sheria ya jinai.

Walimu wengi wamelalamika kwamba kuondolewa kwa kiboko kuliwaachia jukumu bila chombo. Lalamiko hilo halipaswi kupuuzwa, kwa sababu katika shule nyingi mwalimu wa ushauri nasaha ni mwalimu wa somo aliyeongezewa kazi hiyo juu ya vipindi vyake vyote. Hata hivyo, ulinganisho na Tanzania unaonyesha kwamba chombo hicho hakikuwa dawa ya uonevu. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe katika daftari maalumu. Kiranja hana ruhusa hiyo kabisa. Pamoja na hayo, njuka yupo. Kinachoonekana ni kwamba fimbo humfundisha mwonevu jambo ambalo tayari analiamini, kwamba aliye juu hupiga na aliye chini hupigwa, na kwamba suala lililobaki ni kungoja zamu.

Jaribio lililofanywa nchini Uganda linaunga mkono mtazamo huu. Mwongozo wa Shule Bora ulioandaliwa na shirika la Raising Voices la Kampala ulijaribiwa katika shule 42 za msingi wilayani Luwero, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet Global Health. Baada ya miezi 18, idadi ya wanafunzi walioripoti kufanyiwa ukatili wa kimwili na watumishi wa shule katika juma lililotangulia ilikuwa chini kwa kiwango kikubwa katika shule zilizotumia mwongozo. Shabaha ya jaribio ilikuwa mwenendo wa watu wazima, si wa wanafunzi, na hapo ndipo penye umuhimu wake kwa mjadala huu: shule ilichukuliwa kuwa mazingira mamoja, ambamo namna mwalimu anavyotumia uwezo wake haitengani na namna kiranja anavyoutumia wake.

6.0 Kura na karatasi

Mabadiliko makubwa zaidi yaliyojaribiwa nchini Kenya ni kubadilisha namna kiranja anavyopatikana. Tangu mwaka 2009, kwa ushirikiano wa wizara, chama cha wakuu wa shule za upili na UNICEF, shule zimehimizwa kuacha kuteua viranja na badala yake kuwa na mabaraza ya wanafunzi yanayochaguliwa kwa kura. Sheria ya 2013 iliongeza hatua nyingine kwa kumpa mwakilishi wa baraza hilo nafasi katika Bodi ya Usimamizi, ingawa si mjumbe kamili.

Mahali uchaguzi unapokuwa wa kweli, mgeni anayeonewa huwa angalau na mtu anayehitaji kura yake. Lakini katika baadhi ya shule walimu huchuja majina kabla ya kura na kubatilisha matokeo baada yake, na aliyechaguliwa hurithi chumba kilekile, kitabu kilekile cha kuandikia majina na saa zilezile za usiku. Kura hubadilisha asili ya mamlaka ya kiranja. Mipaka yake haiguswi hadi itakapokuwapo njia ya lalamiko isiyopita mikononi mwake.

Njia hiyo haihitaji fedha nyingi. Shule inaweza kumruhusu mlalamikaji aeleze kwa mdomo, mbele ya mtu mzima asiyehusika na nidhamu, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema. Inaweza kutenga fomu ya malalamiko na fomu ya makosa, ili anayelalamika asianze kwa kujaza karatasi ya mtuhumiwa. Inaweza kuuliza katika fomu hiyo maswali ambayo kamati huyasahau: jambo hili limetokea mara ngapi, na je, aliyelitenda ana cheo chochote juu yako? Maswali hayo mawili yanatosha kutenganisha aliyepigwa na waliopigana. Na kuhusu lugha, ibara ya 7 ya Katiba imekwisha kutamka kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Maelezo ya mwanafunzi anayeandika "ananionea" ni kumbukumbu rasmi kama yalivyo, na ofisi inayomwagiza akayaandike upya kwa Kiingereza kabla ya kumsikiliza haina kifungu cha sheria cha kuegemea.